Geji Iliyobaki Korona

Mwera, ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani, huingia katika vitabu vya historia kwa mlango wa mkonge. Jirani yake, Kikokwe, ndiko ilikopandwa mwaka 1893 miche 62, mabaki ya miche elfu moja ambayo Mjerumani Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida. Kutokana na mabaki hayo Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1964 ilitoa takriban tani 230,000 za katani. Habari hii imeandikwa mara nyingi, na kila mara huandikwa kama habari ya jani, ya kibarua na ya bei ya soko la dunia. Upande wa mashine huachwa, na kwa kuuacha tunakosa kueleza jambo linalowasumbua wenye magari wa Tanga hadi leo. Mkonge ndio ulioleta katika ukanda huu desturi ya kutunza mashine kwa kipimo, yaani mtu asome namba kwanza, kisha ndipo aamue. Desturi hiyo ilikaa korona, yaani katika kiwanda cha shamba la mkonge, ikakatika mashamba yalipoanguka, na haikuvuka kwenda gereji za mtaani. Ninavyoona mimi, kukatika huko kunaeleza vizuri kuliko joto la pwani, na vizuri kuliko lawama ya ujinga wa fundi, kwa nini gia boksi za otomatiki hufa hata pale mwenye gari alipojitahidi kuongeza filta ya ziada.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya mkonge. Katika karne ya 19 bonde la chini la Pangani lilikuwa nchi ya miwa. Palikuwa na vinu vya kukamulia na masufuria makubwa ya kuchemshia maji ya miwa, na mpishi wa sukari aliamua kwa jicho, kwa pua na kwa ulimi lini moto upunguzwe na lini uji wa sukari uepuliwe. Utaalamu huo ulikuwa kamili kwa kazi yake, kwa sababu sufuria liko wazi na linajieleza lenyewe: povu huonekana, rangi huonekana, harufu husikika. Boila ya mvuke haijielezi hivyo. Mtu anaweza kusimama mbele yake miaka kumi asijue kwa kuitazama kama shinikizo la ndani ni salama au limekaribia kupasua chuma. Kwa sababu hiyo, mwaka 1849, fundi wa Ufaransa aitwaye Eugène Bourdon alisajili kifaa ambacho mpaka leo hakijapata mrithi wa maana kwa urahisi wake. Ni mrija wa shaba uliobanwa ukawa bapa na kupindwa kama upinde, upande mmoja umezibwa, upande mwingine umeungwa na boila. Shinikizo likipanda, mrija hutaka kunyooka. Ncha yake husogea kidogo, meno madogo huukuza msogeo huo, na mshale huzunguka juu ya uso wenye namba. Geji inayopima mvuke wa boila na geji inayopima mafuta ya gia boksi ni kitu kimoja. Kinachotofautiana ni namba zilizochapwa usoni.

Korona, mashine iliyotengenezwa na kampuni ya Krupp na ambayo jina lake likaja kuwa jina la kiwanda kizima katika lugha ya mashambani, ilihitaji nguvu kubwa isiyokatika. Majani hushikwa na minyororo, hupitishwa kwenye magurudumu yenye visu butu, upande mmoja kisha mwingine, huku maji yakimwagwa kwa wingi kuondoa nyama ya jani. Maji ya mkonge yana asidi, hula chuma na huingia kwenye bearing. Mashine ya namna hiyo haivumilii mtunzaji anayesubiri isikike vibaya. Shamba nalo lilikuwa mbali na mji, hivyo kila shamba kubwa lilikuwa na karakana yake yenye mashine ya kukereza vyuma, tanuri la mhunzi, na stoo ya grisi na oili. Nguvu ilitoka kwanza kwenye mvuke. Baadaye, kituo cha umeme cha Maporomoko ya Pangani kilipofunguliwa mwaka 1936, waya zikaanza kufika kwenye mashamba. Sheria nayo ikaja. Sheria ya Viwanda ya Tanganyika ya mwaka 1950, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya 1937, ilitaka boila iwe na valvu ya usalama, geji ya mvuke inayoonekana wazi na mhudumu wake, na kioo cha kuonyesha maji, na ikaguliwe kila baada ya muda na mtu mwenye sifa. Kwa hiyo katika mashamba yaliyokuwa na boila, geji ilikuwa sharti la kisheria tangu zamani za wakoloni, muda mrefu kabla mtu yeyote wa huku hajawaza gari lisilo na klachi ya mguu.

Hapa upo mfano mwingine wa mashine inayolindwa kwa geji, na huwa nashangaa kwamba hautumiwi darasani. Kituo cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964 kwenye mto huohuo wa Pangani, kina mitambo ambayo mwendo wake hutawaliwa na gavana. Gavana ya tabaini ya maji hufungua na kufunga njia ya maji kwa kutumia mafuta yaliyosukumwa na pampu: presha ya mafuta ndiyo inayofanya kazi ya mkono. Mafuta yakichafuka vijitundu vya valvu huziba, presha ikishuka gavana huchelewa, na mtambo mzima huyumba. Ndani ya gia boksi ya otomatiki kanuni ni hiyohiyo, kwa umbo dogo. Kwa maneno mengine, fundi wa Muheza au Korogwe anayeambiwa kwamba otomatiki ni jambo geni kabisa anaambiwa hivyo kilomita chache kutoka mahali ambapo kanuni yake imekuwa ikilindwa kwa geji kwa zaidi ya miaka 60.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni zito, na linatoka katika historia hiyohiyo. Mtu anaweza kusema: geji ya shamba haikuwa mali ya Mwafrika. Mhandisi alikuwa Mzungu, karani wa stoo mara nyingi Mhindi, na mtu mweusi aliyekaa mbele ya boila aliambiwa tu mshale usivuke mstari mwekundu, bila kuelezwa sababu. Ndivyo ulivyokuwa mpangilio wa kazi za ukoloni, na hakuna haja ya kuupamba. Hata hivyo, pingamizi hili naliona linaiongezea hoja yangu uzito. Kama elimu ya kipimo ingegawanywa pamoja na sababu zake, ingekuwa na miguu ya kutembelea. Kwa kuwa ilitolewa kama amri, ilikwisha na yule aliyeamuru. Mhudumu wa boila alipoondoka shambani aliondoka na mikono yake na masikio yake, vitu ambavyo ni vyake. Geji ilibaki ukutani.

Na kuondoka kulikuja haraka. Nyuzi za plastiki ziliangusha bei ya katani kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likafuatiwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa ikitoa takriban moja ya kumi ya kile ilichotoa mwaka 1964. Karakana za mashamba ziliporomoka pamoja na korona zake. Wakati huohuo ukaja uhaba: bei ya mafuta ilipanda, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na spea zikawa kitu cha kusimuliwa. Katika miaka hiyo fundi aliyeheshimika alikuwa yule aliyeweza kuchonga bushi kutoka kwenye chuma chakavu na kulirudisha Bedford au Land Rover barabarani. Magari yenyewe karibu yote yalikuwa ya gia za mkono. Katika gia boksi ya mkono meno huzunguka yakiwa yamelowa kwenye oili, na nyingi hazina presha yoyote ya kupima. Bearing ikianza kufa, huvuma. Sinki, yaani pete inayolinganisha mwendo wa gia, ikichakaa, gia hulia inapoingizwa. Sikio lilikuwa chombo sahihi kwa mashine hiyo, na mafundi wa kizazi kile walilinoa mpaka likawa la ajabu. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi wanadharauliwa bure na watu ambao hawajawahi kulifungua hata bomba la breki. Mamlaka ya sikio yalipatikana kwa haki, katika kazi ambayo sikio linatosha.

Kilichobadilika ni mashine. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa zimetoka wapi, milango ikaendelea kufunguliwa, na kuanzia miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakamiminika, kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto. Mengi yalikuja na otomatiki. Teknolojia hiyo ilikuwa na historia ndefu kwingine: General Motors waliitoa Hydra-Matic mwaka 1939 kwa ajili ya Oldsmobile za 1940, Toyota wakaanza na Toyoglide mwaka 1959, kisha Aisin-Warner ikaundwa mwaka 1969 na Jatco mwaka 1970, makampuni mawili ambayo kazi zao zimejaa barabara za Tanga. Kwetu lakini ilifika yote kwa mpigo, bila miaka ya kujifunza, na ikakutana na fundi mwenye sikio. Sasa katika gia boksi hii mafuta yana kazi nyingine kabisa. Pampu huyasukuma; yenyewe hubeba nguvu ya injini ndani ya toki konvata; yenyewe hupita kwenye vijia vyembamba vya valvu bodi na kubana sahani za klachi ili gia iingie. Presha ikitosha, sahani hushikana mara moja. Ikipungua kidogo, huteleza kwa muda mfupi sana ambao dereva hauoni, hutoa joto, joto huchoma kitambaa cha sahani, unga na vipande vyake huingia kwenye mafuta, na vipande hivyo huziba chujio lililo kabla ya pampu. Hapo presha hupungua zaidi. Uharibifu huo huanza kimya, na sikio halina pa kuanzia.

Wako watakaosema kwamba fundi ana jicho na pua pia: huchomoa dipstiki, hutazama rangi ya haidroliki, huinusa. Ni kweli, na asiache. Ila rangi nyekundu ya mafuta haya ni dawa iliyotiwa kiwandani ili yasichanganywe na oili ya injini na ili yakivuja yatambulike. Hufifia kwa joto hata mafuta yakiwa bado na uwezo, na mafuta mapya yasiyofaa kwa gia boksi hiyo huwa mekundu vilevile. Utaalamu wenyewe wa mafuta haya umejificha machoni: kwa miongo kadhaa yalitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike bila kugutuka, na Marekani ilipopiga marufuku biashara hiyo miaka ya 1970 watengenezaji walilazimika kutafuta kemikali nyingine. Hakuna jicho lililoweza kutofautisha ya kabla na ya baada. Leo gia boksi iliyotengenezewa mafuta ya Toyota ya aina ya T-IV na ile iliyotengenezewa aina ya WS zote hunywa kimiminika chekundu, na gia boksi ya CVT, isiyo na gia za hatua, hutaka chake. Harufu ya kuungua nayo inasema kweli, lakini inasema habari za sahani zilizokwisha kuungua.

Ndipo tunapofika kwenye filta ya ziada, ambayo wenye magari wengi hudhani inamaliza tatizo. Wazo ni zuri. Chujio la ndani la Toyota nyingi ni wavu wa chuma unaozuia vipande na kuacha unga upite, hivyo kuweka filta ya nje yenye karatasi nzuri na sumaku kunapunguza unga huo kweli. Hufungwa kwenye bomba linalorudisha mafuta kutoka kwenye kipoza kilicho ndani ya rejeta. Katika gia boksi nyingi mafuta ya bomba hilo ndiyo yanayokwenda kulainisha bearing na bushi za ndani, na hapo ndipo penye hatari ambayo haisemwi dukani. Filta ikianza kujaa, mafuta hupita kwa shida. Kama haina valvu ya kupitishia pembeni, bearing hubaki na njaa huku gari likitembea vizuri. Kama inayo, springi hufunguka na mafuta hupita bila kuchujwa, na mwenye gari huendelea kuamini anachuja. Hali zote mbili hazina sauti, hazina harufu, na filta kwa nje inaonekana vilevile kama siku ilipofungwa.

Geji mbili ndogo hulitoa jambo hilo gizani, moja kabla ya filta na nyingine baada yake, zimeungwa kwa tii kwenye bomba hilohilo. Zisomwe gari likiwa limetembea mpaka mafuta yamepata moto wake, maana mafuta baridi ni mazito na hufanya hata filta mpya ionekane imeziba. Tofauti ya namba mbili hizo ndiyo habari yenyewe. Ikiwa ndogo, filta inapitisha. Ikikua wiki hadi wiki, inajaa. Ikikua kisha ikasimama mahali pamoja bila kupanda tena, yaelekea springi imefunguka. Geji zote mbili zikishuka pamoja, tatizo haliko kwenye filta. Litafutwe nyuma yake, kwenye kipoza, kwenye konvata au kwenye pampu. Hapa pia inafaa kuonya dhidi ya kosa la upande wa pili: geji za bomba la kipoza hazipimi presha kuu inayobana klachi. Presha hiyo ni kubwa zaidi na hupimwa mahali pengine. Gia boksi nyingi zina tundu dogo ubavuni lililozibwa kwa plagi, lililotobolewa kiwandani kwa ajili ya geji, na kitabu cha ufundi cha gari hutoa namba zinazotarajiwa injini ikiwa silensa na injini ikiwa imekanyagwa huku magurudumu yamezuiwa. Aliyetengeneza gia boksi alitarajia mtu atakuja na geji. Katika gereji nyingi plagi hiyo haijafunguliwa tangu gari litoke Japani.

Sasa yaje mapingamizi ya wenye magari. Wapo wanaolaumu joto, chumvi na barabara, na hawakosei kwamba hali ya huku ni ngumu: mlima wa Mombo hadi Lushoto hupasha mafuta moto kupita kiasi, mchanga wa njia ya Mkwaja hufanya konvata ichape kazi bila upepo wa kutosha kwenye rejeta, na rejeta inayojazwa maji ya kisima yenye chumvi hutoboka mpaka maji yakaingia kwenye mafuta na kuyafanya mazito na mapinki. Lakini joto na maji ni sababu ya kupima zaidi. Wengine husema kompyuta ya gari inatosha. Gari nyingi zilizoko barabarani kwetu hazina senso inayopima presha yenyewe ya mafuta. Kompyuta hutoa amri kwa solenoidi, yaani valvu za umeme, na kuamini imetiiwa. Ikigundua kasi ya kuingia na ya kutoka haziwiani huandika kosa, na hilo maana yake ni kwamba klachi imekwisha kuteleza. Wengine tena husema gia boksi za kisasa zimefungwa maisha, hata dipstiki hazina. Maisha hayo yalihesabiwa kwa mteja wa kwanza; gari linalopokelewa bandarini likiwa limetembea kilomita laki moja lina mteja wa pili na wa tatu, na historia ya mafuta yake hakuna anayeijua.

Linabaki pingamizi la gharama na desturi, kwamba geji si mambo ya mtaani. Hili ndilo linalojibiwa kwa urahisi zaidi, maana jibu liko mtaani hapohapo. Fundi pancha hatii upepo bila geji, na kila dereva anajua tairi lake linataka paundi ngapi. Fundi wa AC za magari huja na geji zake mbili, ya bluu na ya nyekundu, huziunga kwenye mabomba ya gesi, na hakuna mteja anayekubali kuongezewa gesi kwa kukisia. Gesi haionekani, kwa hiyo kazi hiyo ilijengwa tangu mwanzo juu ya kipimo. Fundi huyo mara nyingi anakaa hatua chache tu kutoka kwa mwenzake anayefungua gia boksi kwa sikio. Hakuna upungufu wa akili wala wa shaba hapo. Kuna historia mbili za ufundi zilizofika mtaani kwa njia tofauti, moja ikiwa na geji mkononi, nyingine ikitoka katika miaka ya uhaba na magari ya gia za mkono.

Hivyo kazi ya kuunganisha ilipokatika ni ya wanaofundisha. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha vijana ufundi, na mtihani wa ufundi magari ungeweza kumtaka kijana aoneshe kwamba anaweza kufungua ile plagi, kuunga geji, kusoma presha kwenye silensa na kwenye mzigo, na kueleza namba aliyoisoma ina maana gani. Sehemu ya mwisho ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyokosekana mbele ya boila. Kwa Mwera jambo hili haliko mbali. Daraja la Pangani lenye urefu wa mita 525, pamoja na barabara ya lami ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo, vitaleta upande wa kusini wa mto magari mengi kuliko pantoni lilivyoweza kuvusha, na mengi yatakuwa otomatiki. Gereji zitafunguliwa kandokando ya mashamba ambako korona zilikuwa zikivuma. Atakayefunga filta ya ziada huko na aandike kwenye kadi ya mteja tarehe, kilomita, na namba za geji mbili siku ya kwanza. Bila namba hizo, gari likirudi baada ya miezi sita, usomaji wa siku hiyo hautakuwa na cha kulinganishwa nacho.